Ng'ombe Wawili wa Mtu Mwingine

Nilisikia mlio wa ng'ombe kabla sijaiona nyumba yetu. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka kutoka msituni ukalala juu ya majani chai, na pale barabarani sikuona hata ua wa jirani. Nilisimama na begi mgongoni nikasikiliza. Sauti ya ng'ombe wetu naijua: mlio mfupi, wa kukwaruza, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusimama kutoa ushuhuda kanisani. Huo niliusikia kwanza. Kisha ukaja mwingine, mzito, mrefu, wa kutoka chini kabisa tumboni. Kisha wa tatu, unaofanana na wa pili. Sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja. Kwa muda mfupi niliamini kwamba nimepotea njia katika kijiji nilichozaliwa.

Nilikuwa nimetoka Meru, ambako nilipanga chumba na kuhariri vitabu vya watu wengine huku nikiandika changu. Nilirudi nyumbani, upande huu wa Kianjokoma, kwa sababu mama aliacha kupokea simu zangu za video. Alipokea za kawaida tu. Mtu anayekataa kuonekana ana kitu cha kuonekana.

Nilimkuta jikoni, mguu wa kushoto umewekwa juu ya kigoda, umefungwa kitambaa cha maua nilichokitambua. Kilikuwa shuka ya kitanda changu cha utotoni.

"Mama mkwe," alisema, "umefika na baridi yote hiyo. Keti."

Mimi ni binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hiyo mama huniita mama mkwe, na akiwa na furaha huniomba ruhusa ya kupika. Siku hiyo hakuomba chochote. Alikuwa akinitazama nikiutazama mguu.

"Ni kidonda tu," alisema.

Alikanyaga kijiti akipeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Hakusikia maumivu, kwa maana ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha kuila hisia ya nyayo zake. Alitembea na kile kijiti ndani ya mguu siku nzima, na jioni alipovua kiatu akashangaa soksi imeloa. Zamani, na zamani ninayoisema ni miaka miwili mitatu tu nyuma, angeteremka hadi zahanati, muuguzi angeuosha mguu huo kila baada ya siku moja, angempa dawa ya sukari na kumgombeza kwa kupenda chai ya sukari nyingi. Lakini kandarasi za wauguzi wengi zilikwisha na hazikufanywa upya. Aliyebaki aligawanywa kati ya zahanati mbili. Yetu ilifunguliwa Jumanne na Alhamisi, na hata siku hizo bendeji ilikuwa ya kujiletea. Ndiyo maana shuka yangu ilichanwa vipande na kuchemshwa.

Nilitoka nje kwenda kuwaona hao ng'ombe. Wetu alikuwa upande wake, mweusi na mweupe, akitafuna. Kando yake, nyuma ya boriti mpya, walisimama wawili wekundu wenye nundu, pembe fupi, mbavu zinazohesabika. Ng'ombe wa kule chini kwenye ukame, wakitetemeka kwa baridi ya mlima kama wageni waliosahau kubeba sweta.

"Wale ni wa nani?" nilimuuliza niliporudi.

"Wangu."

"Mama."

"Ni wangu. Na upunguze sauti."

Nikaelewa. Kwetu mtu anaweza kumpelekea rafiki yake ng'ombe amtunzie. Anafanya hivyo kwa ajili ya ukame, au maradhi, au ili mifugo yake yote isiwe mahali pamoja panapoweza kupatwa na jambo moja. Maziwa huwa ya mtunzaji, ndama huwa wa mwenyewe. Na sharti lake ni moja: mtunzaji hasemi. Akiulizwa na mpita njia, ng'ombe ni wake. Akiulizwa na shemeji, ni wake. Mwenye ng'ombe naye huko kwake hasemi kwamba anao popote. Urafiki wote umelala juu ya ukimya huo, na watu wa pande zetu wanaweza kusameheana mambo mengi kabla ya kumsamehe mtu aliyetaja ng'ombe wa kuwekewa.

Sikuhitaji kuambiwa mwenyewe ni nani. Baba yangu alifundisha shule ya msingi kule chini, Mbeere, miaka mingi, akilala katika nyumba ya rafiki mmoja aliyemfundisha kula asali na masega yake. Baba alipofariki, mtu huyo alikuja na magunia mawili ya ndengu na hakuondoka hadi mwezi ulipokwisha. Mvua zilikuwa zimemkosa misimu miwili mfululizo. Bila shaka ni yeye.

Wiki hiyohiyo akaja mhudumu wa afya wa kijiji. Tulisoma naye darasa moja, kisha akaolewa boma la tatu kutoka kwetu. Alivaa koti la kazi lililochakaa mabegani na alikuwa na simu aliyopewa na serikali. Posho yake haikuwa imelipwa miezi mingi, jambo alilolitaja alipokuwa akivua viatu mlangoni, bila uchungu, kama anayetaja mvua.

"Mwandishi yupo," alisema aliponiona. "Usiniandike. Ukiniandika niandike mwembamba."

Alikuja kutupima uwezo. Bima ya afya ilikuwa mpya, na mpango wake ulikuwa kwamba mtu asiye na mshahara ataulizwa maswali kuhusu nyumba yake na vitu vyake, majibu yataingizwa kwenye simu, na simu itasema mtu huyo anapaswa kulipa kiasi gani kwa mwaka. Maskini kabisa watalipiwa na serikali. Mama aliketi wima. Alikuwa ameficha mguu chini ya meza.

"Paa ni la nini?" mhudumu aliuliza.

"Si unaliona?"

"Mimi naliona, Mama. Simu ndiyo haina macho. Iambie."

"Mabati."

"Choo ni cha aina gani?"

"Cha kwenda haja," mama alisema, na wote watatu tukacheka.

"Mnapikia nini?"

"Kuni. Na gesi, wageni wakija."

Nilisikia ile gesi nikatamani kusema kitu. Mtungi ule ulikuwa mtupu tangu Krismasi. Lakini mhudumu alikuwa mgeni, na mbele ya mgeni mama yangu hajawahi kupungukiwa na kitu. Hata siku tulizokunywa uji pekee, mlango ukibishwa, aliangalia kwanza kama vikombe vizuri ni visafi.

"Ng'ombe wangapi?"

Mama hakusita. "Watatu."

Niliinua macho kutoka kwenye karatasi zangu. Mhudumu naye aliinua yake. Alikuwa amepita mbele ya zizi dakika chache kabla, na yeye ni mtoto wa hapa. Anajua nundu ya ng'ombe wa kule chini inavyoonekana. Angeuliza, "Wote wako, Mama?" Lakini swali hilo haliulizwi. Ni utovu wa adabu. Kidole chake kikabaki hewani juu ya simu kidogo, kisha kikashuka. Watatu. Na mimi niliyesoma, niliyejiona nina maneno ya kutosha kujaza kitabu, nikainamisha kichwa nikaendelea kusahihisha sentensi za mtu mwingine.

Jibu likaja kwa ujumbe mfupi kabla mhudumu hajamaliza chai yake. Mama alinipa simu nimsomee. Nilisoma mara mbili kwa sauti na mara ya tatu kimoyomoyo. Serikali ilikuwa imemhesabu miongoni mwa watu wenye uwezo, na ilitaka mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

"Kumbe mimi ni tajiri," alisema. "Na baba yako alikufa bila kujua."

*

Kulikuwa na mkutano katika ukumbi wa kanisa baada ya hapo. Kaunti ilikuwa imetuma maafisa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Nilikwenda na mama, yeye akiwa na kiatu mguu mmoja na ndara mguu mwingine. Tulipewa daftari la kutia sahihi mlangoni na chupa ya maji kila mtu. Afisa aliyezungumza alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Alisema zahanati zetu mbili zitaunganishwa kuwa moja. Alisema hatupunguzi huduma, tunazipunguzia mzigo. Alisema lengo la kupunguza ni kuboresha.

Mama aliinua mkono. Alisimama akishika kiti cha mbele.

"Nataka kuelewa," alisema. "Mlipopunguza siku zikabaki mbili, mkasema tutapata nafuu. Mkipunguza zaidi, tutapata nafuu zaidi. Kwa hiyo mkifunga kabisa, tutapona kabisa?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Hata afisa alicheka, kwa adabu, akaandika kitu.

"Maoni yako yamepokelewa, mama."

"Yameenda wapi?"

"Yamepokelewa."

Baada ya miezi kadhaa niliiona ripoti ya mikutano hiyo imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wadi. Ilisema wakazi walihudhuria kwa wingi na kuunga mkono mpango huo, na nyuma yake ziliambatishwa kurasa za lile daftari la mlangoni. Sahihi ya mama ilikuwa ya saba kutoka juu. Anaandika herufi zake kwa kuzikandamiza, kama anapanda maharagwe.

Lakini wakati ule nilikuwa sijui hayo. Nilijua mguu tu. Nilikuwa nikiuosha mwenyewe kila asubuhi kwa maji ya chumvi, na kila asubuhi nilijidanganya kwamba umepungua. Kisha harufu ikaja. Nilimpeleka hospitali kubwa ya Embu.

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Aliugeuza mguu wa mama kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayesoma ukurasa wenye maandishi madogo. Kisha akachukua karatasi akachora mguu. Akapiga mstari chini ya kidole gumba.

"Tukimpeleka chumba cha upasuaji sasa, tunasafisha hapa, tunatoa nyama iliyokufa, kwisha. Tukichelewa, ikifika kwenye mfupa, tunakata hapa." Mstari wa pili ulipita katikati ya vidole. Hakuishia hapo. Akachora wa tatu juu ya kifundo, na wa nne chini ya goti, kila mmoja kwa wino uleule wa buluu, kwa utulivu uleule. "Nawapa wiki mbili. Hakikisheni bima inafanya kazi."

Mama aliomba ile karatasi. Aliikunja akaitia ndani ya Biblia yake.

Kwenye ofisi ya bima, mtaa wa pili kutoka hospitali, kijana wa dirishani aliweka nambari ya mama kwenye kompyuta.

"Haijalipwa."

"Tunaweza kulipa kidogo kidogo? Nusu ninayo."

"Mwaka mzima, dada. Mara moja." Alitazama skrini, akajaribu kunisaidia, hilo nalikumbuka, kwamba alijaribu kunisaidia. "Hapa naona mna ng'ombe watatu. Si muuze mmoja mama atibiwe?"

Mama alikuwa kwenye benchi nyuma yangu. Sikugeuka. Wetu mmoja ndiye aliyelipa chumvi, sabuni na dawa ya sukari; akiuzwa, mama angetibiwa mguu na kukosa dawa ya kuuzuia usioze tena. Na hao wengine wawili, kuwauza hao ni jambo ambalo hata sikujua lisemwe kwa neno gani.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Nilikuwa nikianza kufua naacha nguo kwenye maji, naanza kuandika naacha neno katikati. Nilipanda mlima hadi kwenye ukingo wa msitu nikashuka bila sababu. Mama alinitazama nikiingia na kutoka, akasema ninamkumbusha kuku anayetafuta pa kutagia. Hatimaye nikarudi Meru, nikijiambia kwamba huko ofisi ni kubwa zaidi, kwamba watu wa Meru watakuwa na njia. Nilifika alfajiri nikakuta foleni imekwisha kuzunguka jengo.

Mbele yangu alikuwa mwanamume wa Laare, mkulima wa miraa, aliyevaa koti zuri lililokuwa kubwa kwake kidogo. Tulipofikia saa ya tatu ya kusimama alinigeukia.

"Wewe umeandikwa nini?"

"Mama yangu. Ameandikwa ana uwezo."

"Basi tusalimiane vizuri, tajiri mwenzangu." Alinipa mkono. "Mimi wamehesabu miti. Mti mmoja mmoja. Wameniuliza una miraa, nikasema ninayo, ya babu yangu. Hawakuuliza kama kuna anayeinunua."

"Ungesema haina soko."

"Kwa nani? Kwa yule msichana mwenye simu? Nimwambie msichana mdogo kwamba shamba la babu yangu halina maana?"

Alikuwa ameongea kwa lafudhi ya Nyambene, lakini ni mama yangu niliyemsikia.

Kompyuta ya Meru ilisema yaleyale ya kompyuta ya Embu, ni moja. Ila mama mmoja wa ofisini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinieleza kwamba kipimo kinaweza kurudiwa. Mhudumu wa kijiji aje tena, aulize upya. Kama kuna mifugo isiyo yetu, iondolewe kwenye hesabu.

"Lakini lazima iwekwe kwa mwenyewe," alisema. "Jina na kitambulisho, na muhuri wa naibu wa chifu. Mfumo haukubali ng'ombe bila mtu."

Niliteremka ngazi nikiwa nimepata nilichokuja kutafuta, nikaenda kutafuta gari la kurudi nyumbani.

*

Nilipofika nyumbani nikamkuta mwenye ng'ombe ameketi sebuleni kwetu.

Alikuwa amekuja na mtungi mdogo wa asali na mfuko wa ndengu. Mama alikuwa amechinja jogoo. Mtungi wa gesi ulikuwa umejazwa. Sijui kwa pesa gani, lakini ulikuwa unawaka. Mguu ulikuwa umeingizwa ndani ya kiatu. Nilijua ilichukua nini kuuingiza.

"Binti wa mwalimu," mzee alisema, akasimama kunisalimu kwa mikono miwili. "Mnaishi vizuri?"

"Tuko vizuri," mama alijibu kabla yangu.

"Na huo mguu? Naona unaubembeleza."

"Kijiti tu. Kimekwisha."

Alikaa saa nyingi na hakwenda zizini. Mwenye ng'ombe haendi kuangalia. Ni kama kumhesabia rafiki vijiko baada ya kumwalika kula. Aliuliza habari za majani chai na za kanisa. Mama alimuuliza mkewe anaendeleaje, akishusha sauti.

"Anaenda Embu mara mbili kwa wiki," mzee alisema. "Mashine inamsafisha damu, anarudi amechoka, analala. Lakini yupo. Namshukuru Mungu walipokuja na ile simu yao waliniuliza una ng'ombe, nikasema sina hata mmoja. Wakasema serikali itamlipia. Bila hivyo ningekuwa nimemzika."

Alisema hivyo bila haya na bila kujificha, kwa sababu kwa jinsi tulivyolelewa alikuwa amesema kweli. Hakuwa nao. Walikuwa kwetu. Na mama naye, aliposema watatu, alikuwa amesema kweli. Nilikaa pale na paja la kuku mkononi, nikaona jinsi watu wawili waaminifu walivyoulizwa swali moja na mtu asiyewajua, na jinsi majibu yao mawili yalivyogeuka mguu wa mmoja na damu ya mwingine.

Alipoondoka nilimwambia mama niliyoyasikia Meru.

"Hapana," alisema.

"Mama, zimebaki siku sita."

"Nimesikia siku. Unataka nimtaje mtu aliyemlaza baba yako kwenye kitanda chake? Nimtaje, wamwondoe mkewe kwenye mashine?"

"Hatujui kama watamwondoa. Ng'ombe wawili."

"Mimi wamenifanya tajiri kwa hao hao wawili." Alikuwa akivua kiatu, na alisita hadi maumivu ambayo hakuyasikia chini yapite pale juu, kwenye uso wake. "Una akili nyingi, mama mkwe. Tafuta njia nyingine."

Nilitafuta. Nilimwandikia mchapishaji wangu. Nilimpigia shangazi wa Nairobi, ambaye alilia kwenye simu akatuma alichokuwa nacho, na hakikutosha. Nilizungumza na mhasibu wa kikundi cha akina mama, lakini zamu ya mama ya kupokea ilikuwa imepita mwezi wa tatu na ndiyo iliyonunua yale mabati ya paa, yale ambayo simu ilitaka kujua habari zake. Kila mlango niliobisha ulifunguliwa na mtu mwema asiye na kitu. Siku ya nne kati ya hizo sita, nilipofungua bendeji asubuhi, kidole kilikuwa cheusi pembeni. Nilitoka nje nikampigia mhudumu simu nikamwomba aje.

Alikuja saa nne. Hakufanya utani. Alivua viatu akaketi palepale alipoketi mara ya kwanza, akaiweka simu mezani.

"Mama, nimeambiwa kuna marekebisho."

Mama alinitazama. Hakuwa na hasira bado. Nadhani alikuwa akiniomba.

"Hakuna marekebisho," alisema.

"Nitauliza tu tena, halafu niende. Ng'ombe wangapi?"

"Watatu."

"Mmoja," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa mno kwa chumba kile. Mhudumu hakuinua kichwa. Alisema polepole, kama anayezungumza na ile simu, kwamba ikiwa ni mmoja, mfumo utataka kujua wale wengine wawili wa nani. Alinipa nafasi. Nakumbuka kwamba alinipa nafasi. Alikunywa chai, akakiweka kikombe chini, akakizungusha hadi mkono wa kikombe ukaelekea kwake. Ningeweza kusema sijui.

Nililitaja jina. Jina lote, la ubatizo, la kwao na la baba yake, na kijiji chake. Nambari ya kitambulisho nilikuwa nayo tayari. Niliipata kwenye karatasi za mazishi ya baba, mzee alipotia sahihi kama shahidi.

Mguu wa mama upo. Nautaja hapa kwa sababu ndilo jambo pekee ninaloweza kuweka upande wangu. Kipimo kilishuka, nusu niliyokuwa nayo ikatosha, na yule daktari kijana alikata kidole kimoja tu. Mzee aliwachukua ng'ombe wake kabla ya mwezi kuisha, na alituma mtu, hakuja mwenyewe. Kuhusu mkewe nilimuuliza mama mara moja. Aliniambia kama nataka kujua niende nikaulize mlangoni kwao. Sijaenda.

Lakini asubuhi ile yote hayo yalikuwa hayajatokea. Mhudumu alikuwa bado anaandika herufi za lile jina, akiniuliza moja baada ya nyingine, na mimi nikimjibu. Mama alisimama. Alivua leso ya jikoni akafunga ile ya kwenda nje, akachukua fimbo nyuma ya kabati.

"Mama, unaenda wapi na mguu huo?"

"Kule chini."

"Nitampigia simu. Nitamweleza mimi."

"Huyo hujamwekea kitu, na hujawekewa kitu naye." Alikuwa akijaribu kuingiza mguu kwenye ndara, na sikuthubutu kuinama kumsaidia. "Aambiwe na mimi, kabla hajaambiwa na hiyo."

Aliinyooshea simu kidevu, si mimi. Kisha akamgeukia mhudumu, akamwambia amalize chai, kwamba kuna nyingine kwenye birika, kwamba asiondoke na njaa.

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake hadi komeo likaingia.